Demio ya dizeli au ya petroli? Hesabu ya anayeingia mjini kila siku

Ukipita katika yadi za magari kando ya Barabara ya Ngong, utakuta Mazda Demio mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, rangi moja, mwaka mmoja. Moja ina injini ya petroli ya lita 1.3, nyingine ya dizeli ya lita 1.5. Muuzaji atakuambia ya dizeli hainywi mafuta, na hasemi uongo. Lakini kwa mkazi wa Kangemi, Lavington au Kawangware anayeshuka mjini asubuhi na kurudi jioni, mafuta ni sehemu moja tu ya hesabu.

Tuanze nayo. Halmashauri ya EPRA hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Katika bei zilizoanza kutumika tarehe 15 Julai 2025, lita ya petroli Nairobi iliuzwa shilingi 186.31 na ya dizeli shilingi 171.58. Zaidi ya hapo, lita ya dizeli ina nguvu nyingi kuliko ya petroli, na injini yake huitumia vizuri zaidi. Tuseme katika msongamano wa Waiyaki Way gari la petroli linaenda kilomita 12 kwa lita na la dizeli 16. Mtu anayeendesha kilomita 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, atatumia takriban shilingi 7,760 kwa petroli au 5,360 kwa dizeli. Ameokoa shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani chini kidogo ya 29,000 kwa mwaka. Si pesa za kudharau. Lakini nozeli zikiharibika, au chujio la masizi likiziba kabisa, akiba hiyo inaweza kwisha kwa safari moja ya gereji.

Chujio hilo ndilo kiini cha jambo. Injini ya dizeli hutoa masizi, na magari haya ya kisasa yamewekewa chujio kwenye eksozi la kuyanasa yasitoke hewani. Linapokaribia kujaa, kompyuta ya gari huongeza mafuta kidogo ili joto ndani ya chujio lifike nyuzi 600 hivi na masizi yateketee. Kazi hiyo huhitaji injini iliyopata moto sawasawa na mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa. Sasa fikiria safari ya Lavington hadi katikati ya jiji: kilomita chache, gia ya kwanza na ya pili, kusimama kila mzunguko. Injini ya dizeli huchelewa kupata joto, na pengine umeshafika kazini na kuzima gari kabla usafishaji haujaanza, au ukiwa katikati. Ukikatizwa mara kwa mara, masizi hurundikana, na yale mafuta ya ziada hupenya kushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ndiyo maana mwenye Demio ya dizeli anapaswa kuchomoa kijiti cha oili kila wiki. Oili ikiwa imepanda kupita alama ya juu bila kuongezwa, hiyo ni dizeli imeingia. Imwagwe, iwekwe mpya, tena ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Baadhi ya mafundi watakushauri chujio likatwe na kutupwa. Gari litapata nguvu, ndiyo, na masizi yote yatakwenda kwa wanaosubiri matatu kwenye steji. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapa jijini, magari ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya uchafuzi wa hewa. Anayekata chujio anaokoa fedha zake kwa mapafu ya jirani.

Mafuta yenyewe pia ni ya kuangaliwa. Tangu Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500, na bila hatua hiyo machujio haya yasingedumu hapa. Hatari iliyobaki ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, tatizo lililoifanya Serikali mwaka 2018 kuyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli inavyofanya. Dizeli ya bei ya chini kupita kiasi, au ya mitungi, usiiguse.

Je, yupo anayefaa kununua dizeli? Yupo. Dereva wa teksi anayefanya kilomita 150 kwa siku, kwa hesabu ile ile, anaokoa takriban shilingi 18,000 kwa mwezi, na gari lake halipoi kutwa. Vivyo hivyo anayeishi Kikuyu na kufanya kazi upande wa Barabara ya Mombasa, akipita Southern Bypass kila siku. Aliye na gari hilo tayari na safari zake ni za mjini tu, aitafute barabara hiyo mara moja kwa wiki, nusu saa ya mwendo wa kawaida usiokatika. Kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama nyumbani si badala yake.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi wako, si wa muuzaji, aunganishe mashine kwenye kompyuta ya gari asome chujio limejaa kiasi gani na husafishwa kila baada ya kilomita ngapi. Ufuate utaratibu huo huo kwa Mazda CX-3 ya dizeli na kwa Mazda2, jina ambalo Demio imeuzwa nalo Japani tangu 2019. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, nenda yadi inayofuata. Ziko nyingi kuelekea Dagoretti Corner.