Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nchini Uingereza methali hii ni historia halisi. Tarehe 22 Juni 1948 abiria wa meli ya Empire Windrush, wengi wao kutoka visiwa vya Karibi, waliteremka katika bandari ya Tilbury. Siku 13 baadaye, tarehe 5 Julai, ilizaliwa Huduma ya Taifa ya Afya ya nchi hiyo, ijulikanayo kwa kifupi NHS, ambayo tangu hapo imetegemea sana mikono ya wageni. Mwaka 2021 Kenya nayo ilitia saini makubaliano na Uingereza kuhusu ajira za wahudumu wa afya. Hivyo basi, mzungumzaji wa Kiswahili aliyehamia huko anaweza kuwa upande wowote wa kitanda: muuguzi anayehudumia, au mgonjwa anayehudumiwa. Makala haya yanawahusu wote wawili.

Wengi hudhani kwamba kikwazo cha mgeni ni lugha. Lugha ni kikwazo kweli, lakini hata aliyesoma Kiingereza tangu utotoni hujikwaa kwenye jambo jingine, nalo ni adabu. Mwingereza akikutana na mwenzake humwuliza kama yuko sawa, na mara nyingi hapunguzi mwendo kungoja jibu refu. Mgeni huona amedharauliwa. Kumbe hakuulizwa hali, amesalimiwa tu.

Jambo hili lisitushangaze sisi. Mtu wetu mwenye homa kali akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo". Akiulizwa habari za nyumbani, atasema "nzuri". Ni baada ya salamu kukamilika ndipo huongeza kwa sauti ya chini: "Ila kichwa kinanisumbua kidogo." Mwingereza naye ana desturi ya kupunguza makali ya maneno. Maumivu yanayomnyima usingizi huweza kuyaita usumbufu mdogo, na akisema hali yake si mbaya sana, muuguzi mgeni asiharakishe kuandika kwamba mgonjwa ni mzima. Amtazame anavyogeuka kitandani, kisha aulize tena.

Hatari hutokea pale adabu hizi mbili zinapokutana katika chumba cha daktari. Muda wa kuonana na daktari wa familia huko kwa kawaida ni kama dakika 10. Mama aliyehamia karibuni anaingia, anaulizwa anaendeleaje, naye anajibu kama alivyolelewa: "Vizuri, asante." Daktari anaendelea na maswali mengine. Mama anangoja nafasi ya kusema "ila" yake, na nafasi haiji. Anarudi nyumbani na uvimbe alionuia kuuonyesha. Hakuna aliyemkosea mwenzake heshima, na bado ugonjwa umeachwa ukue.

Kwa hiyo, mgonjwa, itangulize "ila" yako. Sema tangu mwanzo: nimekuja kwa sababu ya jambo hili, limeanza siku fulani, nami nalihofia. Huko si utovu wa adabu. Nawe mhudumu, usilichukue jibu la salamu kuwa historia ya ugonjwa. Baada ya "vizuri", nyamaza kidogo, kisha uliza ni jambo gani hasa lililomleta.

Jambo la pili linalomtatiza mgeni ni daktari kumwuliza: "Wewe mwenyewe unadhani ni nini?" Wapo wanaotoka nje wakinong'ona kwamba daktari yule hajui kazi. Ukweli ni kwamba vyuo vya udaktari vya Uingereza huwafundisha wanafunzi kuuliza mgonjwa anafikiri nini, anahofia nini na anatarajia nini. Swali hilo ni heshima, maana linampa mgonjwa sehemu katika uamuzi. Vivyo hivyo, mgonjwa asiyepewa viuavijasumu kwa ajili ya mafua asidhani amepuuzwa kwa ugeni wake; dawa hizo haziui virusi, na madaktari wa huko wanasisitizwa wasizitoe ovyo.

La tatu ni majina. Mtu aliyezoea kuitwa Mama Asha na kuamkiwa shikamoo hujikuta akiitwa kwa jina lake la kwanza na kijana wa umri wa mjukuu wake. Muuguzi naye huweza kusikia daktari bingwa akiitwa kwa jina la kwanza wodini. Huko ukaribu wa namna hiyo haufuti cheo. Lakini una maana yake kazini: mdogo anatarajiwa kusema anapoona kosa. Muuguzi anayenyamaza kwa heshima huku kipimo cha dawa kikimtia shaka anaweza kuonekana hajui, na mbaya zaidi, mgonjwa anaweza kudhurika. Inatosha kuuliza kwa upole: "Naomba tukihakiki kipimo hiki pamoja."

Hata hivyo, kukubalika hakuletwi na mgeni kujifunza desturi peke yake. Mwaka 2018 ilidhihirika kwamba baadhi ya watu waliofika kutoka Karibi wakiwa watoto, wakaishi na kufanya kazi Uingereza kwa miongo mingi, walinyimwa ajira, makazi na hata matibabu kwa kukosa hati. Walizijua desturi zote. Nchi ndiyo haikuwatambua. Serikali iliomba radhi.

Ndiyo maana ni muhimu mgeni azijue pia haki zake. Katika sehemu ya England, kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji uthibitisho wa makazi wala wa hadhi ya uhamiaji. Mgonjwa asiyemudu Kiingereza anaweza kuomba mkalimani bila malipo, na aombe mapema anapopanga miadi. Mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake: yapo maneno ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe, na yapo mengine ambayo mtoto hapaswi kubebeshwa.

Mwenyeji naye ana wajibu usiohitaji bajeti. Amwulize mgeni jina lake linatamkwaje na angependa aitweje. Akisikia kwamba mwenzake kazini anamwita mtu mzima "mama" au "baba", ajue kwamba hiyo ni heshima. Na mgeni anapojibu kwamba yu mzima kabisa, mwenyeji asiondoke haraka. Angoje kidogo, maana huenda "ila" iko njiani.