Kilele cha Pistoni Kitafutwe Pande Mbili

Kusi likivuma na bahari ikachafuka nje ya mwamba, boti nyingi za Msambweni, Gazi, Shimoni na Vanga, pwani ya kusini ya Kenya, hupumzishwa. Huo ndio msimu wa mafundi. Mashine huteremshwa kutoka tezi, ikafunguliwa hadi krenkishafti, ikatiwa beringi, ringi na sili mpya. Karibu bodaboda zote zinazopita barabara ya Lungalunga leo ni za stroku nne. Stroku mbili imebaki zaidi baharini, kwenye mashine kama Yamaha Enduro za nguvu za farasi 15 na 40. Fundi akishaifunga mashine, kazi moja iliyobaki ndiyo itakayoamua kama vipuri hivyo vitadumu: kupanga taimingi, yaani wakati ambao plagi hutoa cheche.

Katika stroku mbili cheche hutoka kila mzunguko. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 12. Petroli nayo haiwaki yote mara moja. Moto huanzia kwenye plagi, ukasambaa hadi kingo za silinda. Tuseme moto huo unahitaji milisekunde 2. Katika muda huo krenkishafti imekwisha zunguka digrii 60. Ndiyo maana cheche hutangulia kabla pistoni haijafika kileleni, ili msukumo mkubwa uikute imeanza tu kushuka. Mashine ikienda polepole, mizunguko 1,000 kwa dakika, milisekunde zile zile 2 ni digrii 12 tu. Kwa hiyo cheche haiwezi kukaa mahali pamoja. Kwenye mashine nyingi za aina hii, aksileta huvuta kijiti kinachozungusha sahani ya koili iliyo chini ya flaiwili, na cheche ikatangulia kadiri mwendo unavyoongezeka.

Cheche ikiwahi kupita kiasi, kamba ya kuwashia hukurudisha mkono kwa nguvu, na mashine ikibeba mzigo, moto huipiga pistoni ambayo bado inapanda. Joto hupanda, uso wa pistoni huliwa na mwishowe hutoboka. Ikichelewa, nguvu hupungua na moto hutokea kwenye mlango wa moshi ukiwa bado unawaka. Kwa mvuvi aliye nje ya mwamba, kosa la namna hii ni suala la uhai.

Basi vipimo vyote vya taimingi huhesabiwa kutoka kileleni, na hapo ndipo kosa huingia. Mafundi wengi hutia bisibisi kwenye tundu la plagi, wakazungusha flaiwili na kuweka alama bisibisi inapoacha kupanda. Lakini karibu na kilele pistoni husogea kidogo mno. Chukua mashine ambayo pistoni husafiri milimita 50 na konrodi yake ni milimita 100. Digrii 5 kabla ya kilele, pistoni imebakiza milimita 0.12 tu, zaidi kidogo ya unene wa karatasi. Mkono hauwezi kuhisi tofauti hiyo.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kilele nacho hupatikana hivyo, kwa kwenda pande zote mbili na kurudi katikati. Chukua plagi kuukuu, toa kaure yake, funga ndani bolti yenye ncha ya mviringo, kisha ikaze mahali pa plagi ili iizuie pistoni kabla haijafika juu. Zungusha flaiwili taratibu kwa mkono hadi pistoni iguse, weka alama. Rudisha upande wa pili hadi iguse tena. Weka alama nyingine. Kilele ni katikati ya alama hizo mbili.

Sasa linganisha na alama ya kiwandani. Zisipokutana, usikimbilie kusogeza sahani ya koili. Kwanza tazama kama mshale wa kupimia umepinda, au kama flaiwili ilitoka kwenye mashine nyingine. Kisha ng'oa flaiwili ukague kii, kile chuma kidogo cha nusu mwezi. Kii huonyesha tu mahali pa kukaa. Kinachoishika flaiwili ni koni ya shafti na mkazo wa nati. Koni ikiwa na mafuta, au nati ikilegea, flaiwili huteleza na kukata kii, na taimingi huhama bila koili kuguswa.

Kilele kikithibitika, fuata namba ya taimingi ya kitabu cha mashine hiyo hiyo, si ya jirani. Flaiwili isiyo na mistari ya digrii hupimwa mzingo wake: mzingo wa milimita 720 una milimita 2 kwa kila digrii. Zungusha flaiwili hadi digrii hizo kabla ya kilele, vuta aksileta hadi mwisho, rekebisha skrubu ya kikomo mpaka alama ya sahani ya koili ikutane na ya flaiwili. Hatimaye itie mashine kwenye pipa la maji, iwashe, na uhakikishe kwa taa ya taimingi.

Petroli pia ina sehemu yake katika jambo hili. Iliyotiwa mafuta taa hulipuka ovyo mapema, hata cheche ikiwa sahihi. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia uchanganyaji huo. Mashine ikigonga, kagua tangi kabla ya kulaumu koili.

Mwisho, chonga alama ya kilele kwa tindo kwenye flaiwili, isifutwe na chumvi wala grisi, na umwonyeshe nahodha. Siku kamba itakapomrudisha mkono, atajua pa kuangalia kabla hajatoka nje ya mwamba.