Mieleka Shuleni: Nani Atalipa?

Bila shaka wengi wenu mmeona mieleka ya televisheni, na hapa mtaani watoto huiiga kwenye mchanga wa ujenzi hadi mama fulani atoke na mwiko. Ile ni maigizo. Mieleka ninayotaka kuieleza ni mchezo wa Olimpiki. Hakuna ngumi wala mateke. Wanaopambana huwa wa uzani mmoja, na ukimbana mwenzako mabega yote mawili chini, umeshinda.

Mwaka jana mimi na wenzangu watatu, wavulana sote, tulimwomba mwalimu wa michezo aanzishe timu ya mieleka. Alipouliza pesa za mkeka wa sponji zitatoka wapi, mimi ndiye niliyesema zitolewe kwenye nauli ya netiboli. Kumbe nahodha wa netiboli alikuwa amesimama mlangoni!

"Kwa hivyo sisi twende mechi kwa miguu ndio nyinyi mgaragazane?" akauliza.

Nilikosa la kusema. Mwalimu akatuambia, "Nendeni mkahesabu kwanza, halafu mrudi."

Tukahesabu. Shule yetu ni ya mseto, wavulana na wasichana karibu nusu kwa nusu. Wavulana wana nafasi 22 za soka na 12 za mpira wa vikapu, jumla 34. Wasichana wana 14 za netiboli na 12 za voliboli, jumla 26. Tukiongeza wavulana 16 wa mieleka, sisi tunafika 50 nao wanabaki 26 wale wale, tena bila nauli! Hapo nikaona aibu.

Jambo hili si geni duniani. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1972 iitwayo Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Katika michezo, chuo kinaweza kuthibitisha usawa kwa njia moja kati ya tatu. Kwanza, idadi ya wachezaji wa kike na wa kiume ilingane na uwiano wao chuoni. Pili, kionyeshe kwamba kimekuwa kikiwaongezea nafasi wale walioachwa nyuma. Tatu, kitosheleze hamu na uwezo wao.

Vyuo vingi vilichagua njia ya mkato, vikavunja timu za mieleka za wanaume. Makocha wa mieleka walikwenda mahakamani mwaka wa 2002 wakiilaumu sheria, lakini kesi yao ikatupwa. Sheria haikuamuru timu yoyote ivunjwe. Kuvunja timu ya wavulana hulinganisha hesabu tu. Hakumpi msichana hata nafasi moja. Dawa ilikuwa kuwaingiza wasichana ulingoni. Mieleka ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka wa 2004 kule Athens, na mwaka wa 2025 chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kikaipitisha kuwa na mashindano yake ya ubingwa.

Lakini kwani lazima twende mbali? Hapa kwetu Eastlands, chama cha MYSA cha Mathare kilianza mwaka wa 1987 na soka ya wavulana. Mwaka wa 1992 kikaanzisha soka ya wasichana, na wavulana wakaendelea kucheza kama kawaida. Pale Kariobangi wasichana wamefunzwa ndondi, mchezo ambao watu walisema ati ni wa wanaume. Waliosema hivyo wakumbuke Elizabeth Andiego, bondia wa kwanza wa kike wa Kenya katika Olimpiki, mwaka wa 2012. Fatuma Zarika, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa WBC mwaka wa 2016. Na Christine Ongare, aliyepata shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 2018.

Basi tulirudi kwa mwalimu na hesabu mpya: mieleka iwe na nafasi 24, wavulana 8 na wasichana 16. Kila upande unafika 42. Nauli ya netiboli isiguswe. Mkeka tuuchangie kwa kuosha magari Jumamosi. Wasichana wapate mwalimu wa kike wa kuwasimamia, mahali pa kubadilishia nguo, na saa za mkeka zinazolingana na nafasi zao.

Tulikubaliwa tujaribu muhula mmoja. Wavulana walijaza nafasi zao siku hiyo hiyo. Wasichana waliojiandikisha ni 5. Wengine wakacheka, "Si mnaona? Hawataki!" Lakini tangazo tulikuwa tumelitoa wapi? Kwenye uwanja wa soka, jioni, wakati wa mazoezi ya wavulana! Tulipolirudia gwarideni, na nahodha yule yule wa netiboli akaandika jina lake la kwanza mbele ya wote, wakafika 13. Nafasi 3 bado ziko wazi, na hatutawapa wavulana.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchezo mpya ni mgeni. Ukija kwa kumnyang'anya mwenyeji sahani, huyo si mgeni, ni mwizi. Nami nusura nimfungulie mlango.