Mshauri Nasaha Asiyehukumu Mjini Kigali
Sheria ya Rwanda haiadhibu mapenzi ya hiari ya watu wazima wa jinsia moja, na pendekezo la kuyaharamisha lililojadiliwa mwaka 2009 halikupita, jambo linaloitofautisha Kigali na Kampala. Hata hivyo ukimya wa sheria hauondoi aibu ya kanisani na ya ukoo, ambayo mteja huingia nayo chumbani kwa mshauri. Ushauri nasaha wa kumkubali mteja, yaani tiba ya mazungumzo isiyoyachukulia mapenzi hayo, wala kujitambua kwa jinsia tofauti na ile ya kuzaliwa, kuwa ugonjwa, unaafikiana na Shirika la Afya Duniani, lililoyaondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Kabla ya miadi, mteja aulize kwa simu ni nani husoma faili lake. Akiahidiwa kuombewa “apone”, atafute kwingine.