Miwani ya jua: rangi si kinga

Mpanda Kilimanjaro huanza ngwe ya mwisho usiku wa manane, tochi kichwani. Jua humchomozea karibu na kilele, miwani ikiwa imezama chini kabisa ya begi. Theluji huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na kwa kila mita 1,000 za kupanda mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwenye mita 5,895, jicho huchomwa kutoka juu na kutoka chini. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mtu yuko njiani kushuka: macho yanakereketa kama yametiwa mchanga, machozi hayakatiki.

Huko kunahitajika kioo cha giza, daraja la 3 au la 4, chenye kinga za pembeni. La 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu ya mwanga, kwa hiyo usiendeshee gari.

Paje, Zanzibar, hali ni nyingine. Kusi inapovuma, wanaoteleza majini kwa tiara hupita juu ya maji ya kina kifupi yenye miamba na vijiti vya mashamba ya mwani. Mng'ao wa maji huvificha vyote. Lenzi za polaraizi huukata mng'ao huo, na zikiwa za kahawia, kilicholala juu ya mchanga mweupe hujitokeza wazi zaidi. Kijivu hupunguza mwanga bila kubadili rangi za vitu; kinafaa bahari kuu, jua la utosi. Kwa Paje ningechukua kahawia bila kusita, maana vijiti vile ni riziki ya kina mama wa kijiji.

Manjano ni ya mkimbiaji wa alfajiri yenye ukungu. Jua likipanda, aivue.

Ila hakuna rangi yoyote kati ya hizi inayozuia urujuanimno. Kinachozuia ni lenzi yenyewe au dawa iliyopakwa juu yake, na macho hayawezi kuiona. Miwani nyeusi isiyo na kinga ni hatari hasa: gizani mboni hupanuka, mionzi ikaingia kwa wingi. Hilo linaniuma nikiwafikiria wapagazi wanaonunua miwani ya barabarani wakiamini weusi wake. Tafuta alama ya UV400, na kwa kuwa alama huweza kubandikwa na yeyote, ipeleke miwani yako kwenye duka lenye kipimo cha mionzi hiyo. Jibu hutoka kwa sekunde chache.