Sabuni ya mawese kwanza, kitakasa mikono baadaye

Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika jirani na mpaka wa Burundi, kilifurika makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao. Wakati huo gari halikufika pale. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa. Vyoo vilizidiwa, watu wakanywa maji yaleyale waliyoogea, na kipindupindu kikaingia. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Meli kongwe ya MV Liemba ndiyo iliyowavusha wengi hadi Kigoma mjini, wakapokelewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya safari ya kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Machi 16, 2020, serikali ya Tanzania ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, kilio kikawa kingine: vitakasa mikono. Vilipoadimika na bei kupanda, watu wakaanza kuchanganya vyao jikoni. Magonjwa hayajaacha kutuzunguka tangu hapo. Mpox imewasumbua majirani zetu wa Kongo na Burundi, na Januari 2025 Marburg ilitangazwa Biharamulo, mkoani Kagera. Kwa hiyo swali la kutengeneza kitakasa mikono nyumbani lingali hai, na linastahili jibu la kweli: inawezekana, ila kwa vipimo, na michanganyiko mingi inayopokezwa kwa simu hunukia dawa tu bila kuua kitu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishatoa kanuni yake bure, ili hata hospitali ndogo iweze kujitengenezea. Kwa lita moja unahitaji mililita 833 za ethanoli, yaani kilevi, ya asilimia 96, mililita 42 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na mililita 15 hivi za gliserini. Kisha jazia maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka lita itimie. Funika, tikisa taratibu, uache saa 72 kabla ya kutumia. Saa hizo ni kazi ya peroksaidi, inayoua mbegu za bakteria zilizojificha ndani ya chupa au kwenye maji. Gliserini huzuia ngozi isikauke na kupasuka.

Kinachobaki ni kilevi cha asilimia 80. Watu hudhani kilevi kitupu kingekuwa kikali zaidi, lakini bila maji hukauka upesi mno na hushindwa kuziharibu vizuri protini za kijidudu. Chini ya asilimia 60 nako kazi hulegea. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anachukua vikombe viwili vya spiriti ya asilimia 70, anaongeza kikombe kimoja cha ute wa alovera ili mikono iwe laini. Hesabu yake sasa ni asilimia 47. Amepoteza fedha, na kibaya zaidi anatoka nyumbani akiamini amelindwa.

Gongo haifai kabisa. Nguvu yake hubadilika kutoka pipa hadi pipa, kwa kawaida haifiki asilimia 60, na hakuna anayejua ndani yake mna nini. Spiriti ya kuwashia karabai nayo huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua ikinywewa. Mwaka 2020, Arizona na New Mexico nchini Marekani, watu 15 walilazwa baada ya kunywa vitakasa mikono vyenye methanoli, wanne walifariki. Kwa sababu hiyo usihifadhi kitakasa mikono kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na usiiache chupa mahali ambapo mtoto anafika.

Halafu kuna moto. Mchanganyiko wa asilimia 80 hutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzijoto 17 na nusu hivi, na Kigoma mchana ni joto zaidi ya hapo. Mwali wake hauonekani vizuri juani. Mama anayekaanga migebuka au mvuvi anayewasha karabai asubiri mikono ikauke kabisa kwanza.

Ujiji, hapa Kigoma, ni mji wa Waislamu wengi, na wapo wanaouliza kama kilevi mikononi kinaruhusiwa. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka Januari 2002 na kuruhusu kilevi kitumike nje ya mwili kuua vijidudu. Mwenye shaka amuulize shehe wake, akijua kwamba jambo hili limeshajadiliwa na wanazuoni.

Hata hivyo, naona tumekipa kitakasa mikono heshima isiyo yake. Mikono yenye magamba, mafuta ya dagaa au udongo haisafishwi na kilevi, maana uchafu huwakinga vijidudu. Sabuni huupasua utando wa mafuta unaovizunguka virusi kama vya corona, Marburg na mpox, na huondoa uchafu wenyewe pamoja na kipindupindu kilichomo. Na sabuni Kigoma tunayo. Mawese yetu yamepikwa sabuni miaka na miaka. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki soda. Watengenezaji waangalifu hupunguza kidogo ili kostiki isibaki ikaunguza ngozi. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, na vaa glavu. Mche wa sabuni hiyo uliokauka vizuri, pamoja na kibuyu chirizi cha dumu la lita tano, unatosha familia nzima.

Maji ndiyo mzizi wa yote. Huko Uvira, kwenye ziwa letu hilihili upande wa Kongo, watafiti walilinganisha rekodi za maji ya bomba na wagonjwa waliolazwa kuanzia 2009 hadi 2014. Siku ambayo bomba lilikauka kabisa ilifuatiwa na siku 12 ambazo wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu walikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kawaida. Bomba likikauka, watu hurudi ziwani. Maji ya Tanganyika ni maangavu hadi unaona mawe chini, lakini kipindupindu hakionekani kwa macho. Yachemshe au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Ombi langu ni kwa viongozi wa mialo ya Kibirizi na Katonga na wa soko la Ujiji: wekeni maji yanayotiririka na sabuni penye kila choo na kila chanja ya dagaa, na mmoja wenu apewe jukumu la kujaza ndoo kila asubuhi. Na wewe msomaji, ukimwona mtu anaharisha maji meupe kama ya mchele, mpe dawa ya kurudisha maji mwilini (ORS) palepale na umkimbize kituo cha afya, hata kama ni usiku wa manane.