Kompyuta Iliyosahau Mwaka

Msomaji wa Tanga ameniletea kesi. Kila asubuhi akiwasha kompyuta yake ya mezani, anaikuta imerudi tarehe 1 Januari ya mwaka ambao mwanawe alikuwa hajazaliwa. Akifungua tovuti ya benki, kivinjari kinamgomea, eti si salama. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga window upya. Wa pili naye akapiga window, akalipwa. Ugonjwa uko palepale.

Virusi hamna. Kuna betri bapa kama sarafu, imepachikwa kwenye mazabodi, nayo imekufa. Imeandikwa CR2032, na namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kivinjari hakina kosa. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta inayodhani huu ni mwaka wa zamani, cheti cha benki bado hakijaanza kutumika.

Hayo yatosha. Ninalotaka kusimulia ni kile ambacho betri hiyo hukilisha usiku kucha.

Ni kipande cha fuwele ya kwatsi, kimechongwa kama uma wenye meno mawili, kikafungiwa ndani ya kopo la chuma lililo kama punje ya mchele. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele ya namna hii ukiibana inatoa umeme. Jiko la gesi linalowaka kwa kubonyeza, lile linalolia "ta!", linatumia kanuni hiyohiyo. Na kinyume chake ni kweli pia: ipe umeme, itajikunja. Basi ni kama mtoto kwenye pembea. Huwezi kumlazimisha aende kwa mwendo wako. Pembea ina mwendo wake, wewe unangoja arudi, unamsukuma kidogo, anakwenda tena. Kazi ya betri ni huko kusukuma tu.

Uma huo hurudi mara 32,768 kwa sekunde. Na hapa nina ugomvi na lugha. Redioni tumezoea kusema "masafa", lakini masafa ni umbali. "Masafa mafupi" yanahesabu urefu wa wimbi, hayahesabu mitetemo. Wengine wanaandika "frikwensi" wakapumzika. Mimi nasema marudio. Mhariri wangu ananicheka: marudio, anasema, ni kipindi cha jana kinachorushwa tena leo. Sawa, nacho si kinarudi?

Kwa nini marudio 32,768, isiwe 30,000 kamili? Fikiria harusi yenye mabawabu kumi na watano, mmoja nyuma ya mwingine. Kila bawabu ana amri moja: mgeni mmoja rudi, mmoja pita. Hajui kusoma kadi wala kuhesabu zaidi ya mbili. Mlangoni wanafika wageni 32,768 kila sekunde. Bawabu wa kwanza anapitisha 16,384, wa pili 8,192, wa tatu 4,096, huku jasho likipungua kadiri unavyoingia ndani. Wa kumi na tano analetewa wageni wawili tu, anapitisha mmoja. Huyo mmoja akiketi, sekunde imepita. Ndiyo saa nzima hiyo! Watu kumi na watano wasiojua hesabu wanatunza kalenda. Saa ya mkononi ya kwanza ya kwatsi, Seiko Astron ya Desemba 1969, ilikuwa na marudio 8,192, hivyo mabawabu kumi na watatu waliitosha.

Umeme ukiwapo, mabawabu hulishwa na ukuta, betri imelala. Msomaji wangu, kwa nidhamu ya kwao, huzima swichi ya soketi kila usiku. Kwa hiyo kila usiku betri ilifanya kazi peke yake, mpaka ikaisha.

Dawa: chomoa waya wa umeme, toa betri, weka mpya upande wa jumlisha ukiangalia juu, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, urekebishe tarehe. Kwenye Windows chagua UTC+03:00 Nairobi (Dar es Salaam usiitafute, haimo) na uruhusu saa ijirekebishe kwa intaneti. Usiiwekee saa za Kiswahili. Saa moja asubuhi kwa kompyuta ni saba, na ukiiambia moja umeirudisha nyuma saa sita. Laputopu zina namna yake. Betri kuukuu usiiache mtoto akaiokota, ikimezwa ni hatari kubwa.

Amebadilisha Jumamosi, na benki imemfungulia. Sasa ananiuliza kama ile kuukuu itafaa kwa rimoti ya gari, maana namba ni ileile.

Haifai.